Ukihamia majuu, tafuta shule kabla ya keja

Simama kando ya barabara hapa Theta saa kumi na mbili kasorobo asubuhi uangalie. Kabla jua halijachomoza, mabasi ya manjano yanapishana kwenye vumbi kuelekea barabara kuu ya Thika, kila moja na jina la akademia ubavuni, na ndani watoto wa PP1 wamelalia vioo kama abiria wa Busia waliosafiri usiku kucha. Hivyo ndivyo tunavyochagua shule huku kwetu, katikati ya Ruiru na Juja. Unaangalia basi. Unaangalia sweta imekaaje. Unasikiza kama mtoto wa jirani anaongea Kizungu cha puani. Zamani ulikuwa unaangalia pia alama za KCPE kwenye bango, lakini mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, kwa hivyo siku hizi bango linakuonyesha bwawa la kuogelea, hata kama hakuna mtu amewahi kuliona likiwa na maji.

Sasa chukua akili hiyo, ipakie kwenye begi la kilo 23, upande nayo ndege hadi Uingereza. Haitakusaidia. Najua kwa sababu dada yangu aliipakia.

Dada yangu ni muuguzi. Yeye alitangulia, na Novemba iliyopita mume wake na watoto wao wawili wakamfuata: msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka mitano. Kwa kuwa dada hufanya shifti za saa kumi na mbili, na mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na familia nzima inaamini nina wakati na bando za kutosha, nilifanywa ofisa wa elimu bila mshahara. Nimesoma tovuti ya baraza la mji wao nikiwa nimekaa kwa kibanda cha chapo hapa steji mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama ninahamia huko. Sihami. Lakini wewe huenda unahama, ama mtu wako ana viza inapikwa mahali, kwa hivyo keti nikuambie nilichojifunza.

Kwanza, jambo dogo la kukuokoa pesa. Kama kuna ajenti pale Ruiru anakuahidi kazi ya kutunza wazee Uingereza, na ati utaenda na watoto, funga simu. Wahudumu hao walizuiwa kwenda na familia kuanzia Machi 2024, na Julai 2025 serikali ya huko ikafunga mlango wa kuwaajiri moja kwa moja kutoka nje. Wanafunzi nao, tangu Januari 2024, ni wachache tu wanaoruhusiwa kubeba familia, wengi wao wakiwa wa shahada za utafiti. Wauguzi bado wanaruhusiwa. Ndiyo maana dada alifaulu.

Turudi kwa shule. Kosa letu lilikuwa moja, na tulilifanya kabla ya watoto kupanda ndege. Dada alichukua nyumba kwanza. Vyumba viwili, kodi nafuu, hatua chache hadi kituo cha basi la kwenda hospitali. Alilipa dipoziti, akatutumia video, sote tukatuma makopakopa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza shule iko wapi. Tulidhani shule ni kitu unaenda kununua ukishatulia, kama vile hapa unavyoingia ofisi ya akademia Januari na risiti ya benki, mtoto anapewa dawati kesho yake.

England haiko hivyo. (Nasema England makusudi, kwa sababu Scotland na Wales zina taratibu zao.) Shule za umma ni za bure, na ndizo watoto wengi kabisa wanasoma, hata wa madaktari. Huendi shuleni kujiandikisha ukiwa na mfuko wa pesa. Kwa kawaida unatuma maombi kwa baraza la mji, yaani kanjo wa kwao, ingawa hawa hawakimbizi mama mboga. Unataja shule unazotaka kwa mpangilio. Halafu shule ikiwa na maombi mengi kuliko nafasi, hawaangalii mtoto ana akili kiasi gani wala baba yake anaendesha nini. Kwa shule nyingi wanaanza na watoto wanaolelewa na serikali, wanafuata walio na ndugu katika shule hiyo, kisha umbali kutoka mlango wako hadi shuleni. Mabaraza mengine hupima umbali huo kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, kana kwamba mtoto ni njiwa. Shule za kanisa huweza kuuliza cheti cha ubatizo.

Umeona sasa? Siku unayotia sahihi mkataba wa nyumba, ndiyo siku unachagua shule. Hata kama hujui.

Tena, shule ya umma huko hairuhusiwi kumfanyia mtoto intavyuu wala kukuomba mchango ili akubaliwe. Nilipomweleza mama yangu hilo alinyamaza kidogo, kisha akataja jina la akademia fulani aliyotulipia na akasonya.

Basi shemeji akafika na watoto wiki ya kwanza ya Novemba, baridi ikiwa ile ya kukausha midomo. Tukatuma maombi yale ya katikati ya mwaka, pamoja na mkataba wa nyumba kuthibitisha anwani. Kanuni inasema jibu lije kabla ya siku 15 za shule kuisha. Siku 15 za shule ni wiki tatu, rafiki yangu. Wiki tatu watoto wawili waliozoea kukimbia kwenye uwanja wamefungiwa ndani, wakitazama katuni, na dirishani giza linaingia saa kumi jioni.

Jibu likaja. Msichana amepata shule iliyo dakika tano kwa miguu. Mvulana amekosa hapo, amepewa nyingine iliyo maili 1.7 kutoka nyumbani.

Nilidhani ni makosa ya kompyuta. Inakuwaje ndugu wawili, nyumba moja, fomu zilizotumwa siku moja? Nikarudi kwa kibanda changu cha chapo kusoma. Kumbe sheria ya England inasema madarasa ya watoto wadogo, yaani Reception, Year 1 na Year 2, hayawezi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, isipokuwa kwa sababu chache maalum. Msichana aliingia Year 3, ambako sheria hiyo haifiki, mwalimu mkuu akakubali kumsongeza. Mvulana ni wa Year 1. Darasa lilikuwa na watoto 30 kamili. Wa 31 hakuna. Wewe uliyesoma darasa la watoto 70 miaka ile baada ya elimu ya bure kuanza 2003, utaona ni mchezo, lakini si mchezo.

Shule zote mbili zinafungua mlango saa tatu kasoro robo. Hesabu mwenyewe. Dada ameshaondoka alfajiri. Shemeji anampeleka msichana mapema kwenye klabu ya kiamsha kinywa, ambayo hapo shuleni kwao wanalipia, kisha anakimbiza mvulana kwenye basi la umma. Saa tisa na robo jioni mambo yanaanza upya kinyumenyume. Basi la bure la baraza? Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane ni lazima shule iwe zaidi ya maili mbili. Yeye ana 1.7. Na huko hakuna nduthi ya kubeba watoto watatu na mkoba wa chakula katikati. Shemeji, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kimbo na vijana wawili chini yake, alikataa kazi mbili za ghala kwa sababu shifti zilianza asubuhi. Alianza kunipigia simu usiku bila sababu. Tulikuwa tunaongea mpira tu.

Tukakata rufaa. Niliiandika mimi, nikaipamba kwa maneno mazito, na ikaanguka. Baadaye nikaelewa kwamba rufaa dhidi ya kikomo cha watoto 30 hushinda kwa nadra sana, mpaka uthibitishe kwamba walikosea kufuata kanuni zao au uamuzi wao haukuwa wa akili timamu. Machozi hayahesabiki.

Kilichotuokoa ni orodha ya kusubiri. Orodha hiyo haifuati nani alitangulia, inafuata vigezo vilevile vya kuingilia. Na sasa mvulana alikuwa na dada yake ndani ya shule. Kwa hivyo aliruka wote waliokuwa wamesubiri tangu Septemba akawa wa kwanza. Februari familia moja ikahama mji, nafasi ikabaki, akaitwa. Kuna mtoto mwingine mahali ambaye mzazi wake alikasirika siku hiyo, namwelewa kabisa.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje kabla ya kulipa dipoziti? Ukiwa bado huku, fungua tovuti ya baraza la mji unaoenda. Mabaraza mengi huchapisha orodha ya shule, na kwa shule zinazojaa, huonyesha mtoto wa mwisho kupata nafasi mwaka uliopita alikuwa anaishi umbali gani. Hiyo namba ina maana kuliko picha zote za nyumba. Ikisema mita 600 na keja unayoitamani iko kilomita moja na nusu, hiyo shule isahau. Kisha andikia shule barua pepe, uliza kama kuna nafasi katika darasa la umri wa mtoto wako. Si lazima uwe umefika. Mtu wa ofisi ya shule hukujibu kwa sentensi mbili, na sentensi mbili hizo zingeokoa familia yetu miezi mitatu. Kama mtoto wako ndiye anaanza shule kabisa, yaani atakuwa ametimiza miaka minne kufikia mwisho wa Agosti, mwisho wa maombi huwa Januari 15 na majibu hutoka Aprili 16. Ukifika baada ya Januari unachukua mabaki. Si kwamba mabaki ni mabaya, lakini ni mabaki.

Utasikia watu wakikutajia Ofsted, hilo ni shirika la serikali la kukagua shule. Kwa miaka mingi lilikuwa linaipa shule neno moja tu, na wazazi walikuwa wakilifuata neno hilo kama sisi tulivyofuata alama za KCPE, nyumba karibu na shule nzuri zikipanda bei. Septemba 2024 waliacha neno moja, na kuanzia Novemba 2025 wanatoa kadi inayopima kila eneo peke yake: mahudhurio na tabia, ufundishaji na mengineyo. Isome, lakini usiiabudu. Shule aliyopelekwa mvulana kwanza ilikuwa na ripoti nzuri kuliko ya dada yake. Ripoti haikumpunguzia baba yake hata hatua moja ya kutembea.

Jambo lingine litakalokushtua ni darasa. Huko mtoto huwekwa kwa umri, basi. Huku alikuwa Gredi ya 2 na kule anaingia Year 3, na shosho wake ameambia kanisa lote kwamba mjukuu ameruka darasa. Hajaruka. Wao huanza mapema tu. Usiende kuomba arudie mwaka ati ashike msingi, huo mtindo wa huku kule karibu haupo. Badala yake, uliza mwalimu watamsaidiaje kufikia wenzake katika kusoma. Kuuliza ni bure na hawakuchukulii kama msumbufu, ingawa shemeji aliogopa wiki nzima kabla ya kuuliza. Sisi tumezoea mwalimu ndiye anaita mzazi, na akikuita kuna tatizo.

Halafu lugha. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilikasirika.

Fomu ya shule huuliza lugha ya kwanza ya mtoto. Shemeji aliandika Kiingereza. Alihofia wakiona Kiswahili watamweka mvulana na watoto wanaodhaniwa wajinga. Mtoto mwenyewe alikuwa akiongea Kiswahili cha Theta nyumbani, Kikuyu kwa shosho, na Kiingereza kile cha PP2 cha kuimba nyimbo na kutaja rangi. Alifika darasani, akasikia Kiingereza cha pale mtaani, ambacho hata dada mwenyewe alichukua miezi kukizoea, akanyamaza. Karibu mwezi mzima hakusema neno. Mwalimu akaanza kuuliza kama anasikia vizuri, kama tumewahi kumpima masikio.

Masikio hayana shida. Nilimwambia shemeji aende aseme ukweli: lugha ya mtoto ni Kiswahili. Alienda. Fomu ikabadilishwa, mvulana akapata msaidizi wa darasa mara kadhaa kwa wiki, mwenye kadi za picha, wakiketi naye kando. Hakuwekwa kwa wajinga. Shule za huko zina watoto wa lugha kibao na kuna neno rasmi la watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ziada. Si ugonjwa, ni maelezo tu yanayomwambia mwalimu aanzie wapi.

Lakini naelewa hofu ya shemeji. Sisi tumevalishwa diski shuleni kwa kuongea lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o, mtu wa Limuru, kaunti yetu hii, aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha 1986, na bado mimi nilivaa diski miaka mingi baada yake. Unabeba hiyo aibu ndani ya begi la kilo 23 bila kujua, na ukipewa fomu unaandika Kiingereza kabla hata hujafikiria. Usifanye hivyo. Na nyumbani endelea kuongea Kiswahili. Kiingereza kitakuja chenyewe, kitakuja hata usipokitaka. Msichana sasa anajibu kwa Kiingereza kila akiongeleshwa, na shosho huku akipiga video anageuza simu kwangu anauliza, "Anasema nini huyu?"

Kabla sijasahau: usikate tikiti ya kuja Krismasi mapema Desemba kwa sababu ni bei rahisi. Ukimtoa mtoto shuleni muhula haujaisha bila ruhusa, unaweza kutozwa pauni 160 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, au 80 ukilipa ndani ya siku 21. Watoto wawili na wazazi wawili, piga hesabu, tikiti si rahisi tena.

Kwa wale wa Marekani, mambo ya anwani ni yaleyale: mtaa unaoishi ndio unaamua shule ya umma, na watataka uthibitisho wa makazi na rekodi ya chanjo. Kwa hivyo kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, ambacho kwa nyumba nyingi kimeloa chai, kibebe mkononi, si kwa begi kubwa. Na kama kuna mtu wako huko ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, ajue kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1982 shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto masomo ya msingi kwa sababu hiyo. Ujerumani wanaanza na miaka sita, na katika majimbo mengi mtoto hutenganishwa na wenzake baada ya darasa la nne kulingana na anavyofanya, kwa hivyo ukifika na mtoto wa miaka tisa lugha ni haraka kuliko nyumba. Ghuba sitaingia leo. Wengi wa dada zetu walio kule hawakuruhusiwa hata kubeba picha ya shule, watoto wamebaki na shosho, na hiyo ni makala nyingine.

Wiki iliyopita dada alinipigia. Mwenye nyumba ameongeza kodi, ameona nyumba nafuu upande ule mwingine wa mji. Nikaingia kwa tovuti tena, safari hii nikiwa na ujuzi. Habari njema ni kwamba mtoto akishaingia shule, kuhama nyumba hakumfukuzi. Atabaki hapo hadi Year 6 akitaka. Nikamwambia hivyo.

"Sawa," akasema. "Sasa niangalizie basi linapita saa ngapi."